Mguu Wenye Vyuma na Elimu ya Mwenyewe

Katika mifupa mirefu ya mwanadamu hapana uliokaa karibu na hatari kama muundi. Mtu akipitisha kidole mbele ya mguu wake, tangu chini ya goti mpaka kifundoni, ataugusa mfupa huo kwa urefu wake wote, maana upande ule hauna nyama ya kuufunika ila ngozi tupu. Na kwa sababu hiyo pikipiki inapoanguka, au gari linapombana mpita njia, aghalabu muundi huvunjika na ncha yake ikatoboa ngozi, ikakutana na vumbi na mafuta ya barabarani. Jeraha la namna hiyo lina hatari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kuvunjika kwenyewe. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni vijidudu vilivyopata njia ya kuufikia mfupa, kwa kuwa mfupa ulioingiwa na maradhi ya usaha huweza kukataa kuungana kwa miezi, hata kwa miaka, na pengine mguu wote ukapotea.

Majeruhi wa aina hii hupokewa kila siku katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na vilevile katika hospitali za rufaa na za mikoa popote pale bodaboda zilipokuwa usafiri wa kawaida wa watu. Matibabu yao huanza kwa mambo yasiyostahimili ajizi: antibayotiki mapema iwezekanavyo, kinga ya pepopunda, na kuoshwa jeraha kwa maji mengi katika chumba cha upasuaji, pamoja na kukatwa nyama yote iliyokufa. Baada ya hayo mfupa sharti utulizwe usicheze. Plasta ingeuficha mguu na kidonda chake, muuguzi asiweze kukitazama wala kukisafisha. Ndipo tabibu huchagua vyuma vya nje: hutoboa mfupa kwa keekee juu na chini ya mahali ulipovunjika, akaingiza pini za chuma kupitia matundu madogo ya ngozi, kisha akaziunganisha pini hizo nje ya mguu kwa fito na vibanio. Mfupa hushikwa barabara, na kidonda hubaki wazi machoni pa wanaokiuguza.

Kazi hiyo ya mpasuaji humalizika kwa saa moja au mbili. Kazi ya mfupa kuungana huchukua miezi mitatu, minne, hata sita na zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo mgonjwa huipitisha nyumbani kwake, mbali na wodi, mbali na dawa za chumba cha upasuaji, akiwa yeye na mkewe, au mama yake, au ndugu yake, ndio watunzaji wa pini zinazotoka nje ya ngozi usiku na mchana. Basi elimu anayopewa na muuguzi kabla ya kutoka hospitalini ni sehemu ya matibabu yenyewe, yenye daraja moja na dawa na vyuma. Na mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani bila ya elimu hiyo ameruhusiwa matibabu yakiwa nusu.

Fikra ya kuushika mfupa kutoka nje ni ya zamani. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Malgaigne aliishika pia ya goti iliyovunjika kwa makucha ya chuma yaliyopenya ngozi. Mwaka 1897 Clayton Parkhill wa Denver, Marekani, alieleza chombo chake cha parafujo na vibanio. Mwaka 1902 Albin Lambotte wa Antwerp, Ubelgiji, akatumia cha kwake. Na mwaka 1938 Raoul Hoffmann wa Geneva akabuni vibanio vilivyomwezesha tabibu kuunyoosha mfupa hata baada ya pini kukwisha kuingizwa. Walakini aliyeifikisha ilimu hii mbali kuliko wote ni Gavriil Ilizarov, tabibu wa Kurgan huko Siberia, ambaye katika miaka ya 1950 aliuzungushia mguu duara za chuma zilizoshikwa na nyaya nyembamba zilizokazwa, akagundua kuwa mfupa ukivutwa polepole, milimita moja kwa siku iliyogawanywa mara nne, huotesha mfupa mpya katika nafasi inayofunguka. Mmoja wa waliopona mikononi mwake ni Valery Brumel, bingwa wa kuruka juu katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, aliyevunjika mguu mwaka uliofuata akiwa amepakiwa kwenye pikipiki, akapasuliwa mara nyingi bila ya mafanikio mpaka alipopelekwa Kurgan, na baadaye akaweza kuruka tena. Jambo la kuzingatia katika njia ya Ilizarov ni kwamba mgonjwa mwenyewe hufundishwa kuzigeuza nati za chombo chake kila siku kwa kipimo alichoamriwa; bila ya mikono na uaminifu wake, hikima yote ya tabibu haizai kitu.

Yafaa kusema pia kwamba vyuma vya nje si njia pekee. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Muhimbili juu ya wagonjwa waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi, baadhi yao wakitiwa msumari mrefu ndani ya uboho wa mfupa na wengine vyuma vya nje. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya kuamua baina ya makundi mawili kwa vifo au kwa kurudishwa chumba cha upasuaji, ila mifupa ya waliotiwa msumari ilinyooka vyema zaidi. Hivyo tabibu huchagua kwa kutazama hali ya jeraha, vifaa alivyo navyo na siha ya mgonjwa. Na pale ambapo jeraha ni chafu mno, au nyama imepotea, au kuna majeraha mengine yanayohatarisha roho, vyuma vya nje hubaki kuwa kimbilio la haraka na la kutegemewa.

Usiku wa kwanza ni wa macho ya muuguzi. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mifuko migumu ya utando, na ikivimba kupita kiasi huibana mishipa ya damu hata ikakosa riziki yake. Kwa hiyo muuguzi hupita mara kwa mara akigusa vidole kama vina joto, akitazama rangi yake, akibinya ukucha aone kama wekundu hurejea upesi, akiuliza kama pana ganzi, akimwambia mgonjwa achezeshe vidole, na kutafuta mapigo ya mshipa juu ya wayo. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyosikia dawa, na yanayopanda ghafula vidole vinaponyooshwa, ni ishara ya kumwita tabibu wakati ule ule, maana saa chache za kungoja huweza kuua misuli isirudi tena. Mgonjwa naye aambiwe hayo waziwazi, ili asije akayanyamazia maumivu kwa kudhani kuwa kulalamika ni udhaifu.

Yakipita masiku ya kwanza, shughuli kubwa huwa ni utunzaji wa pini. Ngozi ni ukuta aliojaliwa mwanadamu, na kila pini ni mlango ulioachwa wazi katika ukuta huo, unaoelekea moja kwa moja mfupani. Utaratibu wa kuulinda si mgumu, illa wataka uangalifu usiopungua siku ya sitini kuliko siku ya kwanza. Mtunzaji huosha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaikausha kwa kitambaa safi. Huchukua dawa aliyopewa hospitalini, kama vile klorheksidini, au maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kisha husafisha kila pini kwa kipande chake cha shashi, akianzia penye pini na kwenda nje. Na kipande kilichogusa pini moja kisiguse nyingine, kwa kuwa hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuhamisha maradhi kutoka shimo moja hadi jingine. Mwisho hukausha, na kama pini inatoa majimaji, huizungushia shashi safi kwa kuibana kidogo, ili ngozi isicheze juu ya chuma, maana kucheza huko ndiko kunakoikera ngozi na kuiamshia uvimbe.

Juu ya idadi ya siku, hospitali hazifanani: baadhi huagiza kusafisha kila siku, nyingine mara moja kwa juma. Tafiti kadhaa zimezilinganisha njia hizi na dawa zake, wala haijathibiti kuwa moja inazishinda zote. Linalomfaa mgonjwa, basi, ni kushika utaratibu mmoja aliofundishwa na waliomtibu, asiuchanganye na ule wa jirani aliyetibiwa kwingine. Magamba madogo yaliyoshikamana na pini yasichokonolewe kwa nguvu. Na yako mambo ambayo hayana ikhtilafu: majivu, samli, dawa ya meno, majani yaliyotwangwa na unga wa vidonge vya antibayotiki vilivyofunguliwa na kunyunyizwa, vyote hivyo visikaribie pini, kwa maana huziba tundu, huficha uchafu, na humpa mgonjwa faraja ya uongo. Kuoga kwa maji safi huruhusiwa tabibu akisharidhia. Kuogelea baharini, mtoni au bwawani, hata kwa aliyezaliwa pwani, kungoje mpaka vyuma vitoke na matundu yafunge.

Aghalabu mgonjwa huuliza: nitajuaje kuwa pini imeharibika? Majimaji machache meupe au ya manjano hafifu, yasiyo harufu, pamoja na gamba dogo na wekundu mwembamba katika siku za mwanzo, ni mambo ya kawaida yasiyostahili hofu. Mambo ya kumrudisha hospitalini bila ya kungoja siku ya kliniki ni haya: wekundu unaotambaa, uvimbe na joto linaloongezeka, usaha au harufu mbaya, maumivu mapya penye pini iliyokuwa imetulia, homa au baridi ya mwili, pini inayolegea au kucheza ikiguswa, na nati au ufito uliofunguka. Akiwahi, mara nyingi vidonge vya antibayotiki na usafi uliozidishwa humtosha. Akichelewa, pini itang'olewa, au mfupa utaingiwa na maradhi, na safari ya miezi ikaanza upya. Pia shavu la mguu likivimba na kuuma, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi, aende upesi sana, kwa kuwa damu iliyoganda mguuni huweza kusafiri hadi mapafuni.

Kujua mambo haya ni jambo moja, na kuyafikisha kwa mgonjwa ni jingine. Muuguzi hodari huanza kufundisha hata kabla ya upasuaji, wakati ukiruhusu, kwa kumwonyesha mgonjwa picha ya vyuma au kumkutanisha na aliyekwisha kuvizoea, kwa sababu mtu anayezinduka usingizini akaona fito zinatoka mguuni mwake bila ya kuambiwa hupigwa na bumbuazi ambalo huchukua siku nyingi kumtoka. Baadaye humwonyesha kazi, kisha humwachia aifanye, na mwisho humtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Tuwatazame kijana mwendesha bodaboda na muuguzi mtu mzima, siku mbili kabla ya kijana kuruhusiwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Leo mimi natazama tu. Utasafisha wewe, na mama yako aone.”

Kijana huosha mikono, akachukua shashi, akasafisha pini ya kwanza vizuri, kisha kwa kipande kile kile akaielekea ya pili.

“Ngoja kwanza, baba. Hicho kimekwisha kazi yake. Chukua kingine. Haya, sasa niambie: ukiamka usiku mguu una joto na pini ya chini inatoa usaha, utafanya nini?”

“Nitamwambia mama aniletee maji ya chumvi.”

“Na asubuhi?”

“Asubuhi nakuja hapa. Singoji tarehe ya kadi.”

Mazungumzo hayo mafupi yamefanya kazi ambayo karatasi kumi za maagizo zisingeifanya, kwani kosa limeonekana mapema, mahali ambapo husahihishwa bila ya madhara, na mama mtu amesikia yale yale aliyoyasikia mwanawe.

Nyumbani yako mengi ya kuzingatiwa. Mguu unapopumzishwa hulazwa juu ya mto, na kisigino kisigandamizwe na godoro. Unaponyanyuliwa, mkono utiwe chini ya mguu wenyewe, usivutwe kwa vyuma peke yake. Na nati asiziguse mtu ila kwa amri ya tabibu. Vyuma vifunikwe kwa kanga safi wakati wa kulala, ili visichane chandarua wala kumjeruhi mwenzi wa kitandani. Kwa mavazi, kikoi na kanga hufaa sana, na suruali hufumuliwa mshono wa pembeni ikatiwa vishikizo. Kifundo cha mguu kina tabia ya kukakamaa wayo ukielekea chini, hata mfupa ukaungana na mtu akabaki hawezi kukanyaga kisigino; kwa hiyo mara kadhaa kwa siku mgonjwa aupitishe ukingo wa kanga chini ya wayo, auvute kumwelekea yeye, ahesabu polepole, aachie, arudie; na goti nalo alikunje na kulinyoosha kama alivyofundishwa. Juu ya kukanyaga, afuate kipimo cha tabibu na magongo yake, asizidishe kwa haraka wala asipunguze kwa woga, maana mfupa unaopewa uzito kwa kadiri huimarika.

Chakula cha mfupa hakihitaji utajiri. Dagaa, maharage, kunde, mayai, maziwa, mchicha na machungwa vyatosha kumpa mtu vitu ambavyo mwili huvitumia kujenga mfupa na kufunga kidonda. Tumbaku, kwa upande mwingine, ni hasimu wa dhahiri: huibana mishipa midogo ya damu na kuuchelewesha mfupa kuungana, na mvutaji hana budi kuambiwa jambo hili kwa upole lakini bila ya kificho. Mwenye kisukari aangalie sukari yake kuliko alivyoiangalia zamani, kwa kuwa ikipanda huvipa vijidudu nguvu.

Liko pia suala la ibada, ambalo Waislamu wengi huliuliza kwa haya au hawaliulizi kabisa. Sheria yao imemrahisishia mgonjwa, ikamruhusu kusali ameketi au amelala, na kupangusa juu ya bandeji pale maji yanapodhuru. Muuguzi anayelijua hili humwondolea mgonjwa dhiki kubwa kwa kumshauri amwone mwanachuoni wake. Kadhalika wako wazee waunga mifupa wanaoheshimiwa vijijini, na heshima yao haivunjwi kwa kusema kweli: mguu wenye pini ukikandwa, mfupa husogea na vijidudu husukumwa ndani, na mgonjwa huenda akalipa kwa mguu wake.

Baada ya hayo yote kuna moyo wa mtu. Aliyekuwa akilisha nyumba kwa pikipiki sasa analishwa. Macho ya watu ndani ya daladala humwangukia mguuni. Watoto humkimbia au humcheka. Nauli ya kliniki hushindana na unga wa chakula cha jioni. Mara nyingi yule anayeitwa mtoro wa kliniki ni mtu aliyekosa nauli akaona haya kusema. Muuguzi na awaulize wagonjwa wake mapema watafikaje, nani atawasaidia, na ni zahanati gani iliyo karibu. Na jamaa wajue kuwa kumkalisha mgonjwa barazani pamoja na wenziwe, badala ya kumficha chumbani, ni sehemu ya kumuuguza.

Hatimaye picha ya eksirei huonyesha mfupa mpya, na tabibu hujaribu kuona kama umekaza. Kuondolewa kwa vyuma vya kawaida si jambo la kuogofya. Mara nyingi hufanywa kliniki kwa dawa ya maumivu, na matundu ya pini hujifunga yenyewe muda si mrefu. Hata hivyo mfupa uliotoka karibuni katika vyuma bado ni dhaifu, na wapo waliovunjika upya kwa sababu ya furaha. Mtu avae plasta au gango akiamriwa, aendelee na magongo, na kurudi kwenye mpira au kwenye usukani wa pikipiki kufuate idhini ya tabibu.

Elimu hii haigharimu mashine wala jengo. Yagharimu muda wa muuguzi, na muda ndio unaopungua katika wodi iliyojaa. Kwa hiyo wasimamizi wa hospitali zetu wautenge muda wa kufundisha kama wanavyoutenga wa kugawa dawa, waandike maagizo kwa Kiswahili chepesi chenye picha, wampe kila mgonjwa namba ya simu atakayoijibu mtu, na asiruhusiwe kutoka yeyote ambaye hajasafisha pini zake kwa mikono yake mbele ya aliyemfundisha. Nawe msomaji, ukiwa na jamaa mwenye vyuma mguuni, muulize leo kama alifundishwa. Akisema hapana, mrudishe hospitalini akafundishwe, maana elimu hiyo ni haki yake, nayo ni ya kudaiwa mapema, pini zikiwa bado safi.